Nyoka Mgeni Asilishwe Siku ya Kwanza

Katika nyumba zetu za Malindi, mgeni huwekewa maji na chakula kabla hajaulizwa habari za safari, na ndiyo maana nilipomleta nyumbani nyoka wangu wa kwanza, mama aliniambia, "Mwanangu, mgeni halazwi na njaa." Nilimtii. Jioni ile ile nilimpa panya, naye akammeza. Siku ya tatu nilimkuta panya yule ametapikwa mchangani, amevunda nusu, na nyoka amelegea pembeni. Tangu hapo rai yangu ni moja: nyoka aliyefika karibuni aachwe siku 5 hadi 7 bila chakula na bila kushikwashikwa, hata kama moyo wa mfugaji unaingia huruma.

Alikuwa nyoka mnene, mfupi, wa aina ile inayojizika mchangani, ambayo wafugaji wa ng'ambo huiita kwa jina la nchi yetu. (Nilikuwa na kibali cha KWS, shirika la serikali ya Kenya linalosimamia wanyamapori, kwa maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumwokota nyoka kichakani akamfuga.) Mtikisiko wa gari, harufu ngeni na chombo asichokijua humtaharukisha nyoka, naye katika hali hiyo ama hukataa kula, ama hula kisha akatapika. Kutapika si jambo dogo, kwa kuwa asidi ya tumboni huunguza koo na mwili hupoteza maji. Njaa ya wiki moja, kwa upande mwingine, haimdhuru nyoka mzima mwenye afya. Anachohitaji siku ya kwanza ni maji safi na maficho ya kumtosha mwili wote.

Jambo linalosahauliwa zaidi huku kwetu ni joto. Nyoka hana joto la mwili lake mwenyewe, na bila upande wa chombo wenye nyuzi kama 30 hivi, chakula humwozea tumboni badala ya kusagika. Usiku wa kusi chumba chaweza kupoa kuliko tunavyodhani; wakati wa kaskazi hatari hugeuka, kwani chombo cha kioo kilichowekwa dirishani kwenye jua chaweza kumuua mnyama kwa saa chache. Kwa hiyo siku hizo za kungoja si za bure: ndizo za kupima joto asubuhi, adhuhuri na usiku, na kurekebisha kabla ya kuweka chakula chochote ndani. Mfugaji amwulize pia yule aliyempa nyoka: mnyama huyo alikula lini mara ya mwisho, na alikula nini?

Macho yakiwa na ukungu wa samawati, maana yake yuko karibu kujivua gamba, na ni heri kungoja amalize. Panya asizidi unene wa tumbo la nyoka. Akikataa, aondolewe, ajaribiwe tena baada ya wiki.

Wangu, kwa sababu alikuwa ametapika, nilimwacha wiki 2 kamili. Mama alipita kila asubuhi akiuliza kama mgeni amekula, na kila asubuhi nilimjibu kuwa bado. Siku ya 15 nilimwekea kitoto cha panya usiku, nikazima taa, nikafunga mlango. Kulipokucha hakikuwapo, na kwa siku 2 zilizofuata hakuna mkono uliomgusa.