Kutoka Pegasus hadi Rubymar: je, bahari husamehe?

Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza HMS Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikatokea baharini na kuipiga mizinga hadi ikazama. Baadhi ya mabaharia waliokufa siku ile wamezikwa Chapwani, ndiyo maana kisiwa kile huitwa pia Kisiwa cha Makaburi. Mabaki ya meli yangali chini ya maji, na wapiga mbizi huenda kuyatazama pamoja na samaki waliofanya maskani humo.

Niliwahi kuitaja habari hii barazani, tukizungumzia vita vinavyoharibu mazingira. Mzee mmoja aliyevua maisha yake yote akanambia: "Mwanangu, bahari ina tumbo kubwa. Watu hupigana wakenda zao, samaki hurudi."

Hoja yake ina ushahidi wa kutosha. Huko Korea, tangu vita vilipositishwa mwaka 1953, ukanda wa kilomita 4 kwa upana na kama 250 kwa urefu umeachwa karibu bila wakaazi, na leo ndege adimu kama korongo wanapata humo usalama wasioupata kwengine. Katika Bahari ya Kaskazini, Ulaya, vita vikuu vyote viwili viliwazuia wavuvi kutoka, na amani iliporudi samaki walikuwa wamezidi. Anayesema kwamba kila vita ni maangamizi ya kila kiumbe atakuwa hakuyatazama mambo vizuri.

Lakini Pegasus ilikuwa meli ya makaa ya mawe. Ilipozama ilikwenda chini na chuma na makaa, basi. Linganisha na Rubymar, meli ya mizigo iliyopigwa kombora na Wahouthi, kundi la wapiganaji wa Yemen, karibu na nchi hiyo tarehe 18 Februari 2024. Ilielea siku kadhaa ikivuja mafuta, utando wake ukanyooka baharini kiasi cha kilomita 29, kisha tarehe 2 Machi ikazama na takriban tani 21,000 za mbolea. Mbolea inayostawisha shamba, ikimwagika kwa wingi baharini, hustawisha magugu ya majini yanayokula hewa ya maji na kuziba mwanga wa matumbawe. Kwa hiyo swali la kumuuliza mzee wangu ni hili: lile tumbo limelishwa nini?

Tutazame mikoko, jambo tunalolijua Pemba na Chwaka. Kati ya 1961 na 1971 Marekani ilimwaga Vietnam zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea, ili wapiganaji wakose pa kujificha. Misitu ya mikoko karibu na Saigon ndiyo iliyoumia mno, kwani mkoko ukinyunyiziwa mara moja tu huweza kufa moja kwa moja. Mwenye kutetea vita atasema msitu ule umerudi, na ni kweli: Can Gio, uliokuwa jangwa la tope, mwaka 2000 ulitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya viumbe hai. Ila haukurudi wenyewe. Kuanzia 1978 watu waliupanda kwa mikono. Aliyewahi kupanda mikoko anajua maana yake. Unasubiri maji yakupwe, unaingia topeni mpaka magotini, unachomeka kile kijiti cha kijani kimoja kimoja, na ukirudi bamvua linalofuata unakuta vingine vimeliwa na kaa na vingine vimebebwa na maji. Miaka yote hiyo mwanamke aliyekuwa akiokota chaza penye mizizi ile alikula nini?

Hapo ndipo ninapokwama na hoja ya pili, inayosema kwamba vitani watu kwanza, miti baadaye. Haiwezi kutupwa tu. Kamanda akiambiwa asiguse msitu unaowaficha wanaoua askari wake, atauliza roho ya mtu ni rahisi kuliko jani?

Mjadala huu wala hatukuletewa na wageni. Sayyidna Abubakar alipotuma jeshi Sham aliusia lisikate mti wenye matunda wala kuchoma mitende, wala lisichinje kondoo au ngamia ila kwa kula. Imamu Awzai aliushika wasia huo kama ulivyo. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu hapa tunafuata madhehebu yake, aliruhusu miti ya adui ikatwe, na wenye rai hiyo hutegemea aya ya 5 ya Suratul Hashri, inayoitaja mitende iliyokatwa na iliyoachwa, yote kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Wote wawili ni wanazuoni wakubwa, nami si wa kuwahukumu.

Ninaloliona ni kwamba wao walikuwa wakizungumzia shoka. Shoka huangukia pale linapotakiwa na mkono, na mtende uliokatwa ni wa adui, si wa jirani yake. Mafuta na sumu havina utii huo. Upepo na mkondo huvipeleka kwa mvuvi ambaye hata hajui nani anapigana na nani. Ile hoja ya dharura ya vita inaweza kumhalalishia mpiganaji kumdhuru adui. Sioni inavyoweza kumfikia mtu wa tatu aliyeko pwani nyengine.

Sheria za dunia nazo zimechelewa. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya 1977, inakataza madhara yaliyoenea, ya muda mrefu na makali, na lazima yote matatu yakutane. Utando wa mafuta unaoua msimu mmoja wa uvuvi haufiki hapo, ingawa msimu mmoja unatosha kumfilisi mwenye ngalawa. Kulipa fidia kunawezekana: Iraq, iliyochoma visima zaidi ya 600 vya mafuta Kuwait mwaka 1991, ilimaliza mwaka 2022 kulipa dola bilioni 52.4 kwa madai ya kila aina, ya mazingira yakiwemo. Lakini Iraq ilikuwa imeshindwa vita. Kwa Vietnam haijawahi kufanyika hesabu ya namna hiyo.

Septemba 2024 Vanuatu, Fiji na Samoa, visiwa kama sisi, vilipendekeza uangamizaji wa mazingira uwe kosa linalojitegemea mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, wakati wa vita na wa amani. Wapinzani wanasema wenye nguvu hawatashitakiwa na sheria itabaki karatasi. Huenda. Hata hivyo ningependa Tanzania isimame na visiwa hivyo, kwani anayengoja wenye nguvu wakubali kwanza atangoja sana.

Nilirudi barazani nikamsimulia mzee habari ya Rubymar. Aliuliza meli ilibeba nini, nikamtajia. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na wavuvi wa huko, nani amewalipa?" Sikuwa na jina la kumtajia.