Kaliyuga: Je, Ni Wakati Unaomharibu Mtu?

Mtu akisikia kwamba fulani amemuua baba yake kwa ajili ya shamba, au kwamba kiongozi amekula fedha za dawa za wagonjwa, hutikisa kichwa na kusema: hii ndiyo akhiri zamani. Jirani yake Mhindu, akisikia habari hiyo hiyo, atasema kwamba tumo ndani ya Kaliyuga. Kauli mbili hizi zinafanana kwa uchungu, lakini hazifanani kwa maana. Akhiri zamani huja mara moja, kisha kiama na hesabu. Kaliyuga huja na kwenda kama masika na kiangazi, na ikishaisha dunia hurudi tena kwenye usafi wake wa mwanzo, kisha huanza kuchakaa upya. Hapo ndipo linapozaliwa swali linalostahili kupimwa kwa uangalifu: ikiwa uovu una msimu wake, mwovu atalaumiwa kwa lipi?

Mafundisho ya Kihindu yenyewe yanagawa wakati katika zama nne: Krita, ambayo pia huitwa Satya yaani ya kweli, kisha Treta, kisha Dvapara, kisha Kali. Kali wa hapa ni pepo mbaya wa kiume anayezitawala zama za mwisho, si mungu wa kike ambaye jina lake huandikwa vivyo hivyo kwa herufi zetu, na kulandana kwake na neno letu “kali” ni sadfa tu. Katika Bhagavata Purana, kimojawapo cha vitabu vya kale vya Kihindu viitwavyo Purana, dharma, yaani haki na wajibu, imechorwa kama fahali mwenye miguu minne: kujinyima, usafi, huruma na ukweli. Kila zama zikipita mguu mmoja huondoka, na sasa fahali amesimama kwa mguu wa ukweli peke yake, nao unatetemeka. Kwa hesabu za Purana, mzunguko mmoja wa zama nne ni miaka 4,320,000, na Kali peke yake imepewa miaka 432,000. Wanajimu wa kale waliweka mwanzo wake mwaka 3102 kabla ya Kristo. Kwa hiyo bado imebaki zaidi ya miaka 426,000, na mambo yanatazamiwa kuzidi kuwa mabaya.

Shutuma ya kwanza inajileta yenyewe. Fundisho hili linaonekana kumpa mtu udhuru uliokamilika. Hakimu anayepokea rushwa anaweza kusema kwamba zama ndizo zilivyo, na anayetaka kupigania haki anaweza kuambiwa kwamba anashindana na saa ya mbinguni. Shutuma hiyo si ya uongo, kwa sababu watu huitumia Kaliyuga hivyo kila siku. Hata hivyo, vitabu vyenyewe viliiona hatari hiyo mapema kuliko wakosoaji, na jibu lao limefichwa ndani ya kisa ambacho ningependa tukitazame kwa karibu.

Kisa hicho ni cha mfalme Nala, na kimo ndani ya Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India. Damayanti alimchagua Nala kuwa mume wake ilhali miungu yenyewe ilikuwa ikimposa. Kali, yule pepo mbaya, alichelewa kufika kwenye uposaji huo, akakasirika, akaapa kumwangamiza Nala. Lakini hakuweza. Nala alikuwa mtu mwadilifu, na Kali akakaa akimvizia kwa miaka 12 bila kupata pa kuingilia. Siku moja Nala alikwenda haja ndogo, akaanza ibada ya jioni bila kuosha miguu. Kali akaingia kupitia mwanya huo. Nala akakaa kucheza dadu na nduguye Pushkara, akapoteza farasi, dhahabu na ufalme, akabaki na nguo moja na mkewe, na mwishowe akamwacha hata mke akiwa amelala porini.

Tazama mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba zama, kwa mujibu wa kisa hiki, hazimwingii mtu kwa nguvu zake zenyewe. Zinahitaji mlango, na mlango huo ni uzembe mdogo mno, wa miguu isiyooshwa. La pili ni namna Nala anavyopona. Akiwa dereva wa gari la farasi la mfalme mwingine, aitwaye Rituparna, wanapita chini ya mti wa vibhitaka, ambao kokwa zake ndizo zilizotumika kama dadu zamani za Veda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu. Rituparna anataja kwa jicho tu idadi ya majani na matunda. Nala anasimamisha gari na kuhesabu. Hesabu inalingana, na hapo Rituparna anamfundisha elimu ya dadu. Mara tu Nala anapoipata elimu hiyo, Kali anamtoka akitapika sumu, na kwenda kujificha ndani ya mti ule ule.

Kisa kimeuchagua mti huo kwa sababu majina ya zama nne yenyewe yalikuwa majina ya dadu. Wachezaji walichota kokwa kwa wingi na kuzigawa kwa nne. Zisipobaki, hiyo ni Krita, ushindi mkamilifu. Zikibaki tatu ni Treta, mbili ni Dvapara, na ikibaki moja ni Kali, hasara. Kwa hiyo, kabla ya kuwa jina la maelfu ya miaka, Kali lilikuwa jina la bahati mbaya inayompata mtu mkononi mwake. Na mchezo wa dadu una bahati ndani yake, lakini una ujuzi pia. Nala hakuyabadilisha matunda ya mti, alijifunza kuyahesabu. Hapo ndipo mimi naona kina cha fundisho hili: hali unayozaliwa nayo hukuichagua, ila namna ya kuicheza ni yako.

Upo pia ushahidi wa moja kwa moja zaidi, na unawahusu watawala. Katika sehemu ya Mahabharata iitwayo Shanti Parva, mzee Bhishma, shujaa aliyejeruhiwa vitani, akiwa amelala juu ya kitanda cha mishale anamwambia mfalme Yudhishthira asiwe na shaka yoyote kama ni wakati unaomfanya mfalme au ni mfalme anayeufanya wakati: mfalme ndiye chanzo cha wakati. Akiitekeleza haki kikamilifu, Krita huingia. Akiitekeleza robo tatu, ni Treta. Nusu, ni Dvapara. Akiitupa, ni Kali. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, nazo zinasema kwamba mfalme ndiye yuga, yaani zama zenyewe. Hapa kalenda imegeuzwa juu chini. Kiongozi hawezi kujitetea kwa ubaya wa zama, maana ubaya wa zama ni hati ya mashtaka dhidi yake.

Laiti uchambuzi ungeishia hapo, ningelitetea fundisho hili bila kusita. Lakini upo upande mwingine, nao ni mzito zaidi kuliko shutuma ya udhuru. Tunaposoma maelezo ya uovu wa Kaliyuga katika Purana, tunakuta mambo ambayo mtu yeyote mwenye dhamiri atayakubali: mali ndiyo itakayokuwa kipimo cha ubora wa mtu, wafalme watageuka wanyang’anyi, raia watakimbilia milimani kwa kuelemewa na kodi. Katika pumzi hiyo hiyo tunakuta kwamba Mashudra, watu wa tabaka la chini, watakaa kufundisha dini, na kwamba wanawake hawatawatii waume zao. Hayo nayo yamehesabiwa kuwa kuoza. Yaani kinacholiliwa si maadili peke yake. Ni ngazi za jamii, na aliyekuwa juu ndiye aliyeandika maombolezo. Hata katika kisa cha fahali yule, mtu anayempiga fahali amesawiriwa kama Shudra aliyevaa mavazi ya kifalme.

B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii ya wasioguswa na baadaye kuongoza kazi ya kuandika katiba ya India, aliuliza kwa nini Mabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, waliifanya Kaliyuga isiwe na mwisho. Swali lake lina msingi katika hesabu zenyewe. Sheria za Manu zinataja miaka 12,000 kwa zama zote nne, na 1,200 kwa Kali, zikiuita muda huo zama za miungu. Mwaka wa miungu ulipohesabiwa kuwa sawa na miaka 360 ya wanadamu, miaka 1,200 ikawa 432,000. Zama ambazo zingeweza kuwa zimeisha zamani zikanyooshwa hadi zisionekane ukingo wake.

Haki inataka niongeze kwamba Purana zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Katika Vishnu Purana, mhenga Vyasa anaibuka kutoka majini, katika mto Ganga, akisema: Kali ni njema, Shudra ni mwema, mwanamke ni mwema. Wahenga wanashangaa. Anawaeleza kwamba thawabu iliyohitaji miaka 10 katika Krita hupatikana kwa mwaka mmoja katika Treta, kwa mwezi katika Dvapara, na kwa usiku na mchana mmoja tu katika Kali. Ni wazo la kupendeza kwamba wema hupanda thamani pale unapoadimika. Ila sababu anayoitoa ya kumsifu Shudra na mwanamke ni kwamba wao hupata wokovu kwa kuwatumikia walio juu yao, na hapo mkono uliofunguka unafunga tena.

Ili kuona kipimo cha Kaliyuga kilivyofanya kazi, hatuhitaji kwenda mbali. Wanasheria wa Kihindu wa zama za kati walitunga orodha ya mambo yaliyokatazwa hasa katika Kaliyuga, wakiamini kwamba watu wa zama hizi ni dhaifu mno kwa yale waliyoruhusiwa watu wa kale. Mojawapo lilikuwa kumpokea tena katika jamii mtu wa tabaka la juu aliyesafiri baharini, hata akifanya toba. Hata hivyo pepo za kaskazi ziliendelea kuleta majahazi kutoka Kutch na Gujarati. Katikati ya karne ya 19, forodha ya Zanzibar ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, mtu wa jamii ya wafanyabiashara wa Kihindu iitwayo Bhatia, kutoka Kutch, na dawati lake lilitoza ushuru wa pembe za ndovu, karafuu na watumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Waingereza walimlazimisha Sultani Barghash kuutia saini. Orodha ya makatazo ya Kaliyuga ilikuwa imemwonya mfanyabiashara kuhusu maji ya chumvi aliyoyavuka, wala haikumwuliza lolote kuhusu watu waliohesabiwa kichwa kwa kichwa mbele ya dawati lile.