Wasifu wa mhalifu hupanga majina, hauthibitishi kosa

Mwaka 1986 polisi wa London walikuwa na orodha ya washukiwa wapatao 2,000 wa ubakaji na mauaji yaliyotokea karibu na njia za reli. John Duffy alikuwemo, ila jina lake lilizama chini sana. Mwanasaikolojia David Canter akayapanga matukio kwenye ramani kwa kufuata tarehe, kisha akaeleza mtu wa kutafutwa: anaishi maeneo ya Kilburn, ana mke lakini ndoa ina migogoro, na reli anaijua vizuri. Duffy, seremala aliyewahi kufanya kazi katika shirika la reli, alilingana na maelezo hayo. Polisi wakamfuatilia kwa siri, wakamkamata, na mwaka 1988 akafungwa maisha.

Watetezi wa mbinu hii ya kuchora wasifu wa mhalifu, yaani kukisia sifa za mtu asiyejulikana kutokana na matukio, huitaja sana kesi hiyo, na wana haki. Lakini wasifu haukumwibua Duffy kutoka gizani. Jina lake lilikuwa mezani tayari. Ulichofanya ni kulipandisha juu. Mahakamani kulihitajika vitu vya kushikika, kama nyuzi za nguo na kamba iliyokutwa nyumbani kwa wazazi wake.

Wimbledon, kusini mwa London, mambo yalikwenda kinyume, na kesi hiyo inaniuma hadi leo. Julai 1992 Rachel Nickell alichomwa kisu hadi kufa mbele ya mwanawe wa miaka miwili. Mwanasaikolojia Paul Britton akachora wasifu uliogusa njozi za kingono za muuaji, na polisi wakamkazia macho mwanamume mmoja waliyeona anafanana nao. Askari wa kike akajifanya anamtaka kimapenzi, akamwandikia barua kwa miezi kadhaa huku akimchochea asimulie njozi za ukatili. Mwanamume huyo hakukiri kuua. Hata hivyo alishtakiwa Agosti 1993, akakaa mahabusu zaidi ya mwaka, mpaka Septemba 1994 Jaji Ognall alipoutupa ushahidi huo wa mtego. Novemba 1993, yeye akiwa rumande, Robert Napper alimuua Samantha Bisset na bintiye wa miaka minne. Vinasaba vikaja kumfichua Napper, na mwaka 2008 alikiri kumuua Nickell.

Kosa lilikuwa kuzunguka duara: wasifu ulisema muuaji ana njozi fulani, polisi wakazichokoa njozi hizo kwa mtu waliyekwisha kumchagua, kisha zikahesabiwa kuwa uthibitisho. Wenye njozi kama hizo ni wengi, na walio wengi hawamdhuru mtu.

Hata hivyo wapelelezi huipenda mbinu hii. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1995 uliangalia kesi 184: wengi wao walisema ushauri uliwafaa, lakini mhalifu alitambuliwa kwa sababu yake katika asilimia 2.7 tu. Katika jaribio la mwaka 2003, polisi walipewa wasifu uleule, nusu wakilinganisha na mhalifu halisi na nusu na mtu wa kubuni. Makundi yote mawili yaliona unalingana vizuri. Maneno mapana humkaa kila mtu.

Sisemi wasifu utupwe. Ramani ya matukio, kama aliyoitumia Canter, huokoa muda pale majina yanapokuwa mengi na askari wachache. Ninachopinga ni kuupeleka kizimbani, au kumchagua mtu kwa kufanana nao pekee. Mchoraji wa wasifu aandike kila dai limetoka wapi kwenye jalada, na kitu gani kikipatikana kitalivunja, kabla mpelelezi hajaonyeshwa jina lolote.