Zambarau ya Wafalme na Sabuni ya Mche

Katika maonyesho ya kazi za mikono yaliyofanyika hapa Dar es Salaam hivi karibuni nilinunua skafu ya pamba ya rangi ya zambarau iliyoiva, ikiwa na lebo ya karatasi ngumu iliyotangaza kwa mwandiko mzuri kwamba imetiwa rangi ya asili isiyo na kemikali. Muuzaji, kijana mwenye ulimi mtamu, aliniambia, "Dada yangu, hii ndiyo zambarau waliyovaa wafalme wa kale, sisi tumeirudisha kwa choya tu," nami nikatoa fedha ambazo Kariakoo zingeninunulia doti mbili za khanga na nauli ya kurudi nyumbani. Niliifua kwa sabuni ya mche kama ninavyofua nguo zangu nyingine. Maji ya beseni yaligeuka buluu, kisha yakaingia ukijani, na skafu ilipokauka kambani ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa masufuria.

Fedha zilikwenda, na fedha huenda kila siku. Kilichonichoma ni hao wafalme. Yeyote aliyewahi kutengeneza juisi ya choya anajua kwamba ukiikamulia ndimu inazidi kuwa nyekundu, na kwamba tone lake likikutana na povu la sabuni linageuka buluu au kijani, kwa sababu rangi iliyomo ndani yake hubadilika kufuatana na uchachu wa kilichoigusa. Shabu huisaidia kushika kidogo kwenye uzi, lakini sabuni ikiungana na jua la Dar es Salaam, shabu haina lake. Bitiruti ni dhaifu zaidi, na hata matunda ya mzambarau, ambayo huwatia watoto ndimi nyeusi na kuwachapisha mashati ya shule, huacha doa ambalo mama hulilaani, wala si rangi ambayo mshonaji anaweza kuitegemea.

Sasa tuwatazame wafalme wenyewe. Zambarau yao ilitoka Tiro na Sidoni, kwenye pwani ya Lebanoni ya leo, na haikutoka kwenye ua lolote. Ilitoka kwenye konokono wa baharini wenye tezi ndogo ambayo utomvu wake, ukikutana na hewa na mwanga, hubadilika kutoka rangi hafifu ya manjano na kijani hadi zambarau. Walivuliwa kwa mitego, wakubwa wakapasuliwa tezi ikatolewa, wadogo wakapondwa pamoja na makombe yao, vyote vikatiwa chumvi na kuchemshwa taratibu kwa siku kadhaa mpaka nyama ioze na kuondolewa juu. Strabo, mwanajiografia wa zama hizo, aliandika kwamba wingi wa viwanda vya rangi uliufanya mji wa Tiro kuwa mahali pasipopendeza kuishi, ingawa ndio ulioutajirisha. Huko Sidoni makombe yaliyotupwa yalifanya kilima kizima. Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alipotaka kujua rangi hiyo ni kitu gani hasa, alihitaji konokono 12,000 ili apate gramu 1.4 tu za unga safi. Hiyo ndiyo asili ambayo kijana wangu anadai kuirudisha kwa gunia la choya.

Bei nayo ilikwenda na uchache huo. Amri ya bei aliyoitoa Kaisari Diocletian wa Roma mwaka 301 iliweka ratili moja ya hariri iliyotiwa zambarau kwa denari 150,000, wakati kibarua wa shamba aliwekewa denari 25 kwa siku pamoja na chakula. Yaani kibarua huyo angefanya kazi siku 6,000, zaidi ya miaka 16 bila kupumzika hata sikukuu, ili anunue kiasi cha nguo ambacho tajiri alikitupia begani. Msomaji wa Luka 16 hahitaji mhubiri wa kumfafanulia kwa nini yule tajiri, ambaye Lazaro alilala mlangoni pake akiwa na vidonda, anatambulishwa kwanza kwa nguo zake za zambarau. Tena usidhani mali peke yake ilitosha. Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa maisha ya makaisari, anasimulia kwamba Kaisari Nero, baada ya kuipiga marufuku zambarau ya Tiro, alimtuma mtu kwa siri akauze wakia chache siku ya soko, kisha akayafunga maduka ya wafanyabiashara wote. Na alipomwona mwanamke mmoja ameivaa kwenye tamasha alilokuwa akiimba, aliamuru atolewe, avuliwe nguo hiyo na anyang'anywe mali yake. Ninapenda kuwaza jinsi wenye vibanda vya "zambarau ya kifalme" ambavyo vimejaa siku hizi wangeshughulikiwa na mfalme wa kweli.

Watu wa kawaida hawakukaa kimya wakisubiri kupewa ruhusa. Mafunjo yaliyopatikana Misri, yaliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 3 au ya 4 na kuhifadhiwa leo Stockholm, yana maelekezo chungu nzima ya kuigiza zambarau kwenye sufu kwa mizizi, magome na majani, bila konokono hata mmoja. Kuna waliotia nguo nili kwanza na nyekundu juu yake, na kuna waliotumia zile ndevu za kijivu zinazoota kwenye miamba na matawi ya miti ya nchi kavu za pwani, ambazo wazee wetu waliziita marere. Ukoo wa Rucellai wa Florence, ambao jina lake lenyewe limetokana na rangi hiyo, ulitajirika kwa marere ya bahari ya Mediterania.

Hapo ndipo historia hii inapogusa pwani yetu, na ndipo ninaposhangaa kwamba wapenzi wa rangi za asili hawaizungumzii kamwe. Katika karne ya 19 marere yalikuwa bidhaa ya kusafirishwa kutoka pwani ya Banadir, katika Somalia ya leo, hadi Msumbiji, yakipitia Zanzibar na kupakiwa kwenye meli za Wazungu kwenda kutia rangi hariri na sufu za huko. Waliochuma walikwangua miti juani na kupakia magunia. Rangi, jina na faida viliwekwa mahali pengine. Mtoto anayechovya karatasi ya litimasi kwenye maabara ya sekondari hapa Tanzania anashika rangi ya jamii hiyo hiyo ya marere, ila hakuna anayemwambia. Basi, kama kuna zambarau ya asili ambayo Mswahili anaweza kuidai kuwa yake kwa ushahidi, ni hii. Tatizo la kibiashara ni kwamba marere hayatoi zambarau kwa kuchemshwa tu. Huloweshwa wiki kadhaa, yakikorogwa yapate hewa, ndani ya maji yenye amonia, na amonia ya watu wa kale ilikuwa mkojo uliochacha. Sijaona bado lebo yenye ujasiri wa kuliandika hilo.

Aliyeivunja milki ya wafalme alikuwa kijana wa miaka 18, tena akiwa nyumbani kwao. William Henry Perkin, mwanafunzi wa kemia huko London, alikuwa likizo ya Pasaka mwaka 1856, akijaribu kwenye maabara yake ndogo kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mabaki ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata masimbi meusi, na alipoyasafisha kwa spiriti akaona zambarau ambayo ilishika kwenye hariri na haikutoka ilipofuliwa. Mwaka uliofuata alijenga kiwanda huko Greenford pamoja na baba yake na kaka yake, na Januari 1858 Malkia Victoria alivaa rangi ya namna hiyo kwenye harusi ya binti yake. Baada ya miaka michache wasichana wa kazi nao waliivaa. Ugonjwa ambao umewazika ndugu zetu wengi ndio ulioifungulia dunia mlango wa zambarau ya bei nafuu, na ninaona ajabu kwamba sisi, wenye malaria, tumejifunza kuionea aibu rangi hiyo kwa sababu inatoka kwenye kopo. Naye Perkin hakuwa malaika: mwanzoni aliiuza kwa jina la zambarau ya Tiro. Kijana wangu wa maonyesho ana babu wa kiroho.

Hoja yangu hasa ni shangazi yangu, ambaye amesomesha watoto kwa batiki katika ua wa nyumba ya kupanga, na ambaye sasa wateja humuuliza kwa sauti ya polisi, "Mama, hii ina kemikali?" Ina kemikali, naam. Huweka maji ya moto kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu sufuria ya alumini huliwa na kostiki mpaka itoboke. Humimina kostiki ndani ya maji, wala hamimini maji juu ya kostiki. Hutia unga wa rangi na haidro, yaani unga unaoifanya rangi iyeyuke, hukoroga kwa mti taratibu, na husubiri. Unga ule ulikuwa zambarau, lakini ndani ya ndoo hugeuka rangi nyingine kabisa, na utando wenye mng'ao hujitanda juu. Kitambaa cha bafta kilichofungwa kwa nyuzi za nailoni huzama humo, na kikitolewa mteja asiyejua hudhani kazi imeharibika. Kisha kinaning'inizwa. Unasimama pale na unaona zambarau ikipanda kuanzia kwenye pindo, sehemu zenye mikunjo zikichelewa, mpaka kitambaa chote kimeiva mbele ya macho yako. Nilipokuwa mdogo nikimharakisha akikoleze zaidi, alikuwa akinijibu, "Mwanangu, rangi haiivi kwenye ndoo, inaiva kambani."

Kinachotokea kwenye ua ule ndicho kilichotokea Tiro. Zambarau ya konokono, kama nili na kama unga wa shangazi, haiyeyuki katika maji. Ni lazima kwanza ivuliwe kwa muda hali yake ya kawaida ili iyeyuke na kuingia ndani ya uzi, kisha hewa iirudishe, ikwame humo ndani, na sabuni isiweze kuitoa. Kule Tiro bakteria wa ile nyama iliyooza ndio walioifanya kazi ambayo leo inafanywa na haidro. Nasema bila kumung'unya maneno: fundi aliye karibu zaidi na mafundi wa Tiro, kwa ufundi na kwa matokeo, ni huyu mama mwenye ndoo na glavu zilizochanika, na si yule mwenye choya na lebo nzuri. Anachokosa ni mtu wa kumwandikia hadithi ya wafalme. Na zambarau yake inanunuliwa na mwalimu, muuza mihogo na bibi harusi asiye na mjomba tajiri, wakaifua kwa sabuni ya mche miaka na miaka. Tukiwafundisha watu hawa kwamba nguo yao ni chafu kwa sababu ina kemikali, huku tukimuuzia mwenye gari kitambaa kinachochujuka kwa bei mara nne, tumemfanyia Diocletian kazi yake bila mshahara.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba wapenzi wa asili wana jambo. Kuna mafundi wa nili wanaoijua kazi yao na wanaostahili kila shilingi wanayoidai, nami nawavulia kofia. Kuna rangi za viwandani ambazo Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwenye nguo mwaka 2002 kwa kuwa zikivunjika hutoa viini vinavyosababisha saratani, na sokoni kwetu unga mwingi huuzwa umepimwa kwenye vifuko vya nailoni visivyo na jina wala onyo. Kostiki inaunguza ngozi na macho. Shangazi ana kovu kwenye kifundo cha mkono, na vijana wanaojifunza kwake huvaa glavu baada ya kugombezwa tu.

Jambo kubwa zaidi ni maji. Ndoo ikimaliza kazi, maji yake makali humwagwa kwenye mtaro unaopita mbele ya nyumba tatu kabla ya kuishia sijui wapi, na hapo sina utetezi. Kuyaacha wazi yapigwe na hewa usiku kucha huimaliza nguvu haidro, na siki huupunguza ukali wa kostiki, lakini siki ya kutosha ndoo moja inagharimu sehemu ya faida ya vitambaa kadhaa, na mwenye nyumba hataki shimo lichimbwe uani kwake. Vikundi vya batiki vikikusanywa penye eneo moja lenye karo la kutulizia maji hayo, gharama ingegawanyika. Wanaochukua ushuru wa vibanda kwenye kila maonyesho wanazo fedha za kuanzia, na kabla ya kumuuliza shangazi kuhusu kemikali zake, waulizwe wao karo hilo watalijenga lini.