Niliamka Saa Kumi, Mshindi Hakuja

Wazee wenzangu, Novemba 2024 nilifanya ujinga ambao Mama Njeri hajanisamehe hadi leo. Niliamka saa kumi alfajiri, baridi ya Nyahururu inang'ata masikio, nikanunua bando na kujifunika blanketi nitazame CMA, tuzo za muziki wa kantri za Marekani, kutoka Nashville. Kwao ni saa moja jioni, wameshashiba. Mimi hata chai sijaonja.

Nilikuwa nangoja kantri ninayoijua. Sisi tumelelewa na Jim Reeves. Alifariki kwa ajali ya ndege 1964, lakini kila Jumapili alikuwa sebuleni kwetu, redioni, akiimba polepole kama mtu anayemhesabia mwenzake pesa asije akapunjwa. Kiingereza cha baba kilikuwa cha kuombea ruhusa kazini tu, na bado alielewa kila neno. Alikuwa akilia, kisha anausingizia moshi.

Sasa hawa wa leo! Anatokea Post Malone, yule wa rap, uso umechorwa kama matatu ya Rongai. Nikadhani nimebonyeza pengine. Anatokea Shaboozey, kijana wa wazazi wa Kinigeria. Nikaguna, "Tangu lini mtu wetu akavaa kofia ya ng'ombe?"

Mwanangu, niliyekuwa nimemwamsha kwa miguno, akasema, "Baba, na Charley Pride?"

Hapo alinipata. Charley Pride alichukua tuzo kubwa kabisa ya hao hao CMA mwaka 1971, na mimi kwa miaka mingi niliapa kuwa ni mzungu. Redio haina uso! Hata huko kwao, mwanzoni santuri zake zilipelekwa redioni bila picha, kwa hiyo ushamba huu si wangu peke yangu.

Nikabadilisha mada haraka. Nikamsimulia kisa cha mwimbaji wa kantri Charlie Rich: 1975, jukwaani kwa hao hao CMA, anafungua bahasha, anasoma jina la mshindi, anatoa kiberiti cha gesi na kuichoma ile karatasi mbele ya watu wote. "Huyo ndiye mwanamume! Hakutaka muziki wetu uchezewe."

"Jina lilikuwa la nani?"

"John Denver."

Kimya. Kaseti ya John Denver ninayo mpaka leo, nimeifunga kwa leso. Mama Njeri akacheka kule chumbani, mtu niliyedhani amelala.

Nikavumilia hadi tuzo ya mwisho. Jua limetoka, ng'ombe hajakamuliwa, analia kuliko gitaa lolote la Nashville. Anatangazwa Morgan Wallen. Kamera inatafuta. Hayuko! Tuzo ni yake na hakufika, na mimi nisiye na hata cheti cha kwaya nimehudhuria tangu saa kumi.

Nikawasha birika nipate angalau chai. Stima ikazima, tokeni zimeisha.

Kijana akaniletea kiberiti. "Baba, unachoma bahasha, ama tuwashe jiko?"