Treni ya angani na kuku wa bibi

Choo cha bibi yangu kule Pangani hakina paa. Kina ukuta wa makuti, shimo, kopo la maji, na juu mbingu ya Mungu. Mimi mtu wa Dar nilikisifia tangu nafika: "Bibi, choo chako kina hewa kuliko hoteli." Usiku huo, baada ya kula, akatusimulia kwamba kimondo ni kombora la kumpigia shetani. Nikamcheka, kisha nikawapa watoto mhadhara wa nusu saa kuhusu sayansi. Watoto walilala mapema sana.

Saa kumi na moja alfajiri tumbo likaniamsha. Pweza wa jioni alikuwa anadai chake. Nikajifunga kanga ya bibi iliyokuwa kwenye kamba, nikatoka bila tochi. Nimeshachuchumaa, nimetulia, nikainua macho.

Taa! Tena si moja, mstari mzima, zimefuatana kama mabehewa, zinatoka upande wa bara zinaelekea baharini, hazina mlio, hazipepesi. Nikahesabu. Nilifika 37 nazo bado zinakuja. Hapo miguu ikaamua bila kuniuliza.

Mlango sikuuona. Nilipita ukutani, kopo mkononi, nasoma Ayatul Kursi, na katikati nikajikuta nimehamia dua ya kula. Nikajikwaa kwenye kinu, nikatua kifua kizima juu ya banda la kuku.

Kuku wale wana sauti, jamani. "Mwizi! Mwizi wa kuku!" Wazee waliokuwa wanakwenda msikitini wakageuka kwa pamoja, tochi zote kwangu. Nimelala kifudifudi, tetea yuko kwapani (aliingiaje, muulizeni yeye), na makalioni kanga inasomeka vizuri kabisa: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

"Juu!" nikapiga kelele. "Tazameni juu!"

Wakatazama. Kulikuwa na Zuhura, inang'aa zake peke yake. Treni ilishapita.

"Huyu kavuta," mzee mmoja akakata hukumu, bakora ikapanda.

Bibi akatokea na kibatari. "Mwacheni, mume wangu huyo. Kaja juzi kutoka Dar." Neno Dar likawatosha. Wakaondoka wanacheka mpaka msikitini.

Kwenye chai, binamu yangu wa kidato cha tatu akanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Zile ni setilaiti za intaneti za Starlink. Roketi moja huziachia nyingi kwa mpigo. Zile 60 za Mei 2019 ziliwashangaza watu dunia nzima. Siku za mwanzo hutembea zimefuatana, kisha hupanda na kutawanyika, kiasi cha kilomita 550 juu yetu. Wala hazina taa: jua linazipiga huko huko juu wakati sisi chini bado tuko gizani, ndiyo maana huonekana alfajiri au baada ya magharibi.

"Sayansi, kaka," akamalizia, anachovya mkate.

Bibi hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anaokota maganda ya mayai. Kumi na moja.

"Mayai nimekusamehe," akasema. "Ila hupandi basi mpaka usuke makuti ya choo changu."

Nilisuka siku mbili, vidole vikavimba. Nilisuka ya ukuta, nikaongeza na ya paa.