Gari Lililokuwa Linatafakari

Gari lilikuwa halichanganyi. Moshi halitoi, halizimiki, taa ya injini haiwaki, na ukilisikiliza limesimama ungeapa limetoka kiwandani jana. Lakini ukikanyaga mafuta linakaa kwanza, linatafakari. Unaongeza mguu, kimya. Unaongeza tena, ndipo linapoanza kusogea kwa heshima zake zote, kama mzee aliyeombwa kupisha mtu kwenye benchi. Kuovateki lori ilikuwa shughuli ya familia nzima: mimi nakanyaga mapema, mwenzangu pembeni anakagua njia, watoto nyuma wanashangilia ili kulitia gari moyo. Likishakata shauri kwenda, lori limeshakunja kona na kutokomea.

Aliyeniuzia alikuwa amenihakikishia kwamba gari ni tulivu sana. Hapo sina la kumlaumu.

Basi kila aliyepanda akageuka fundi. Jirani akasema plagi. Shemeji akasema pampu ya mafuta, na alisema kwa ukali kabisa, utadhani pampu yenyewe ina deni lake. Mwingine, ambaye hata baiskeli hajawahi kumiliki, akatega sikio kwenye boneti akatoa hukumu: gia boksi. Nilibadili plagi, nikabadili na eya klina, ambayo kwa kweli ilikuwa chafu ya kutia aibu. Gari likabaki na msimamo wake.

Nikalipeleka kwa fundi. Huyu alikuwa na hoja. Magari ya siku hizi hayana ule waya wa chuma uliokuwa ukitoka kwenye pedeli mpaka kwenye injini. Pedeli imebaki kuwa swichi ya kifahari: ina sensa mbili zinazotuma volti kwa kompyuta ya gari, kompyuta inapiga mahesabu yake, kisha inaiamuru mota ndogo iliyo kwenye throto, yaani mlango wa hewa wa injini, ifungue kile kisahani cha kupitisha hewa. Kwa hiyo ukikanyaga, hufungui kitu, unatuma maombi.

"Throto imejaa masizi," fundi akasema. Akaifungua, na kweli, ukingo wa kile kisahani ulikuwa mweusi tii, umeshika ugando kama lami. Nikanyoosha kidole nikisukume nione kinavyocheza. Akanichapa mkono.

"Toa kidole hapo! Swichi iko on, mota ikigeuka utahesabu vidole kwa mkono mmoja."

Akapuliza dawa, akafuta, akarudisha. Tukawasha. Silensa, yaani ule mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikapanda juu, gari limesimama pale pale linanguruma kana kwamba limeitwa kwenye mashindano. Fundi akaeleza kuwa kompyuta ilikuwa imeshazoea kufungua kisahani zaidi ili hewa ipenye kwenye masizi, na sasa masizi hayapo lakini mazoea yapo, inabidi ifundishwe upya. Mafunzo hayo yalitakiwa kufanyika kesho yake, kwa sababu fundi aliwahi harusini. Hivyo usiku ule nilikuwa na gari lenye haraka likiwa limepaki na lenye mapumziko likiwa barabarani.

Kompyuta ilifundishwa, silensa ikatulia. Kuchanganya, hakuna.

Fundi wa pili alikuja na mashine ya kupima. Akachomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akasubiri kodi itokee, yaani ile namba ya kosa ambayo kompyuta huihifadhi. Alikuwa anaitamani P2135, ambayo hutokea sensa mbili za throto zisipokubaliana, au dada yake P2138, ya sensa za pedeli. Mashine ikasema hakuna kosa hata moja. Akachomoa na kuchomeka tena, akaipangusa kioo kwa shati. Hakuna. "Gari lako ni zima," akaniambia, kwa sauti ya daktari aliyekosa wa kumpasua. Halafu akashauri ninunue throto nzima, maana gari zima lisilotembea lazima libadilishwe kitu.

Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei nilipoelekezwa kwa dada mmoja fundi wa umeme wa magari. Yeye kwanza akatoa kapeti la chini ya miguu yangu akalitupa nje, eti apate kuhakikisha haliizuii pedeli. Kisha akachomeka mashine yake, lakini kodi hakuzitazama kabisa. Alifungua ukurasa unaoonyesha namba zikicheza.

"Kaka, kanyaga nusu."

Nikakanyaga. Pedeli: asilimia 18.

"Nimesema nusu."

"Hii ndiyo nusu, dada."

Akainama kuukagua mguu wangu kwa karibu, nikajuta kuvaa soksi zile.

"Kanyaga mpaka chini."

Nikagandamiza hadi soli ikagusa bodi. Asilimia 61. Na kisahani cha throto kilikuwa kinaifuata ile namba bila kuchelewa hata kidogo. Dada akazima mashine.

"Throto inatii. Kompyuta inatii. Mguu wako nimeuona kwa macho yangu. Kuna mtu katikati anageuza maneno."

Nikaambiwa niingie chini ya dashibodi, kwa kuwa mimi ndiye mwembamba. Niliingia kichwa kwanza, mgongo sakafuni, miguu imening'inia kwenye kiti, tochi mdomoni. Waya wa pedeli niliuona. Badala ya kwenda kwa kompyuta moja kwa moja, uliingia kwenye soketi nyingine isiyofanana nao, ukapanda juu kisirisiri mpaka kwenye kiboksi cheusi kilichobandikwa kwa gundi ya pande mbili. Kina taa ya kijani. Pembeni ya taa pameandikwa ECO.

Nikapiga kelele za ushindi, tochi ikateleza kuelekea kooni, goti likaruka likapiga honi, na paji la uso likakutana na chuma cha usukani. Dada alidhani nimepigwa shoti.

Kumbe vidude hivi vinauzwa. Vinakaa kati ya pedeli na kompyuta, vinapokea volti za sensa, vinazikoroga, vinazipeleka zikiwa nyingine. Ukikiweka upande wa spoti, unagusa kidogo kompyuta inasikia umekanyaga sana, watu wanajisifu gari limepata nguvu wakati injini ni ile ile. Ukikiweka ECO, unakanyaga sana kompyuta inasikia umegusa. Na kwa kuwa kinazikoroga volti za sensa zote mbili kwa ulinganifu, kompyuta haioni ugomvi wowote, ndiyo maana taa ya injini haikuwaka.

Dada akakichomoa, akaunganisha pedeli na waya wake wa asili.

"Haya, lizungushe hapo uani. Kanyaga taratibu."

Nilisikia vizuri. Mguu haukusikia. Mguu ulikuwa umezoea kulibembeleza gari kwa ngumi, ukashuka vile vile ulivyozoea. Gari halikutafakari. Liliruka mbele na kuingia katikati ya rundo la matairi chakavu, bampa likabaki linaning'inia upande mmoja, matairi yakatawanyika uani kila moja na safari yake. Moja lilikataa kulala. Likavuka uwanja wote wima, watu wakilipisha, likaenda kumgonga taratibu kwenye makalio yule fundi wa pili, aliyekuwa ameinamia gari la mteja mwingine.

Akageuka, akalitazama tairi, akanitazama mimi. "Umenunua throto?"

Jioni nikampigia aliyeniuzia. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka sana. "Ala! Kumbe kimebaki humo? Nilimfungia kijana wangu alipokuwa anajifunza kuendesha. Tafadhali usikitupe ndugu yangu, mdogo wake anaanza kujifunza mwezi ujao."

Nikamwambia hakuna tabu, aje kukichukua, na akija aje na bampa.